Mgeni wa Chumba cha Ushauri

Ng'ambo ya Hewani
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hapo Hola ni wazima, na goti lako limetulia tangu uanze ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo, ila mbu wa huku wananila kana kwamba walikuwa wamefunga wakinisubiri. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mlingoti wa simu uliangushwa na mafuriko na mpaka leo umelala pale pale. Hirbo, anayepeleka maziwa Garsen kwa pikipiki, ndiye atakayeikabidhi barua hii kwa watu wa magari ya Hola.

Uliuliza kama kazi niliyosomea ipo kweli. Ipo. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu James, amenipa stoo ya zamani iwe chumba cha ushauri nasaha. Nimeipaka chokaa, nikaweka mkeka na viti viwili vidogo. Tangu maji yapungue watoto wengi hawalali vizuri, na wengine hujikojolea darasani mvua ikigonga mabati. Hao nawaweza. Anayenishinda ni Zipporah wa gredi ya tatu. Mtumbwi uliopinduka wakati wa mafuriko ulikuwa umembeba yeye na rafiki yake Qabale. Zipporah aliokolewa. Qabale hajaonekana mpaka leo, hata nguo yake.

Tangu siku hiyo Zipporah hajatamka neno, hata kwa mamake. Anautazama mto tu. Mamake anaogopa kwamba siku moja atamfuata mwenzake, na mimi naogopa vilevile. Nimemwahidi yule mama kwamba mtoto wake atasema tena, na hatakwenda popote.

Chuoni tulifundishwa kuweka kiti kitupu mbele ya mtoto. Anaambiwa amwone aliyepotea kama ameketi pale, amwambie yaliyomkaa rohoni, kisha mzigo unapungua. Wiki hii nitajaribu.

Mwanao,
Faduma

*

Hola
13 Juni 2024

Mwanangu Faduma,

Waaleikum salaam. Sisi tu wazima, goti ndilo lenye maneno yake. Nimekutumia nyama yako ya nyirinyiri, ile ya kukaushwa na kukaangwa, kwenye kopo. Ukila na wenzako yote siku moja usiniambie.

Hicho kiti chako sijakielewa. Mimi nimeuza maziwa na nguo nikakusomesha, sikusoma mambo ya roho za watoto, kwa hiyo sitakubishia. Ila nimelala nikikifikiria. Kiti kikiwekwa kwetu huwa kuna mtu anakuja. Huyo mtoto aliyepotea akija mtamwambia nini, na mtamwambiaje kwamba mazungumzo yamekwisha? Niandikie unijibu hilo kwanza.

Mshike mkono huyo Zipporah na umlishe. Mtoto aliyeshiba husema.

Mamako

*

Ng'ambo ya Hewani
20 Juni 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili, na nyirinyiri ilifika, na ndiyo, iliisha siku hiyo hiyo.

Mama, Zipporah amesema. Nilimketisha akakitazama kiti kitupu muda mrefu bila kujua aanzie wapi, nami nikamsaidia. Nikakiambia kiti, "Karibu Qabale, kaa." Yakanitoka kama ninavyomkaribisha mtu yeyote. Zipporah akageuka akanitazama, kisha akanong'ona, "Karibu." Halafu akaanza kuzungumza, maneno yakamwagika mpaka akalia, na mimi nikalia. Mamake alipomsikia aliketi chini vumbini.

Ningefurahi zaidi kama mambo yangeishia hapo. Kila asubuhi nikifungua chumba nakuta kile kiti kimelowa. Mabati hayavuji, na juzi na jana mvua haikunyesha. Maji yenyewe yana rangi ya mto. Watoto wa gredi ya kwanza, ambao hawajui chochote, wakipita mlangoni wanachungulia na kusalimia. Wakati wa uji Zipporah huchukua vikombe viwili, kimoja anakiweka kando ya kiti. Nikienda kukichukua hakina kitu. Nilimwambia Mwalimu James, akacheka akasema ni panya. Panya gani anakunywa uji akaacha kikombe kimesimama wima, safi?

Lililonikosesha amani ni la leo. Zipporah aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, mgeni wetu anataka kurudi kwao. Nani atamsindikiza?" Nikamwambia tutaona. Akasema, "Basi nitamsindikiza mimi."

Unajua kwao Qabale sasa ni wapi. Nijibu upesi.

Mwanao,
Faduma

*

Hola
23 Juni 2024

Faduma mwanangu,

Salamu zako zimefika. Leo sina utani.

Ulipokuwa mdogo, mgeni akitoka kwetu tulikuwa tunatoka naye sote. Ulikuwa unakimbia mbele. Kumbuka tulivyokuwa tunafanya: hatugeuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Rudini sasa, mmefika mbali." Asiposema, unaendelea kutembea naye, maana kumwacha njiani ni kumfukuza. Na anayetoka naye kwanza ni yule aliyemwambia karibu. Ninyi mlimkaribisha mtoto wa watu mkamketisha mkampa uji, hakuna aliyefikiria atatokaje.

Zipporah asitoke na huyo mgeni hata hatua moja. Lakini nakujua wewe. Utasema, mimi ndiye niliyetangulia kusema karibu, wacha niende. Usiende. Funga chumba, mpeleke Zipporah kwa mamake, upande gari uje nyumbani. Nitazungumza na shehe, aje huko na watu, wamsomee yule mtoto Qabale dua anayostahili na wamuage kwa heshima. Ningoje, mwanangu. Nakuomba, sikuamrishi.

Mamako

*

Ng'ambo ya Hewani
27 Juni 2024

Mama mpendwa,

Natumai u mzima. Jibu lako bado sijalipata. Hirbo hajarudi, wanasema maji yamekata tena barabara upande wa Garsen. Nitampa barua hii mwenye mtumbwi.

Jana mchana nilimkosa Zipporah darasani. Nilimkuta kwenye njia ya mtoni akitembea pole pole, mkono mmoja ameunyoosha kando kama mtoto aliyeshikwa mkono na mwenzake. Alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni nilipomfikia. Hakuwa na hofu. Nilipomvuta alisema, "Hajaniambia nirudi." Ule mkono wake ulikuwa wa baridi, na vidole havikukubali kufunguka.

Nilimvuta mpaka ukingoni, Mama. Nikapiga magoti nikamwambia kwamba huyu mgeni si wake, ni wangu, mimi ndiye niliyemwambia karibu, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Akanitazama akihakikisha kama nasema kweli. Kisha vidole vikafunguka. Na saa ile ile mkono wangu wa kushoto ukapoa, na umepoa mpaka sasa ninapokuandikia.

Nitasali alasiri halafu nitatoka na huyu mgeni mpaka ukingoni, basi. Nasikia aibu kidogo, mimi niliyesomea haya mambo. Najiambia nafanya ili mtoto atulie. Zipporah yuko kwa mamake, amelala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu mafuriko. Nilimwahidi yule mama, na ahadi yangu naiona imetimia. Usiwe na wasiwasi, nikirudi nitakuandikia.

Mwanao,
Faduma

*

Hola
30 Juni 2024

Mwanangu Faduma,

Nakusalimia, ingawa jana nilipokusalimia hukuitika. Barua hii haitapelekwa na mtu. Naiandika ukiwa umeketi hapa mbele yangu, kwa sababu nikikusemesha hunijibu, na wewe tangu zamani ukipenda barua.

Mwalimu James alikuja asubuhi. Alinirudishia barua yangu ya mwisho, haijafunguliwa, ilifika ukiwa umeshatoka. Akaniletea na yako, ile uliyompa mwenye mtumbwi. Akasema Zipporah anacheza na wenzake, anakula, na kila saa anauliza Mwalimu Faduma yuko wapi. Akasema watu wa Hewani wanakutafuta kwa mitumbwi tangu Alhamisi, na hawajachoka. Yule mwanamume alilia hapa kwangu kama mtoto. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, ukisikia. Sikumwambia.

Jana ulipotokea mlangoni, furaha ilinitangulia. Nilisema, "Karibu mwanangu, kaa," kabla sijatazama nguo zako, kabla sijauona mkeka ukilowa. Nimekupa chai. Sikuoni ukinyanyua kikombe, na chai inaisha.

Sasa tangu adhuhuri umeugeukia mlango. Najua unachongoja. Unangoja niinuke nivae viatu, nitoke nawe kama tulivyokuwa tunatoka na watu, mimi nawe mpaka kule maji yaliko.

Faduma, anayesindikizwa ni mgeni. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Watu waseme nimerukwa na akili, majirani waone maji yakipita chini ya mlango wangu. Siinuki. Kaa hapo.

Mamako