Taa Iliyokataa Kuwaka

Mdogo wangu Fundi,

Pokea salamu zangu, wewe na wenzako wa karakana. Sisi hatujambo, ila Kibonge anaota meno na usingizi nimeusahau. Mama hajambo kiasi. Betri ya ile mashine ya moyo iliyo kifuani mwake daktari kasema itadumu hadi mwisho wa mwaka tu. Nawe, unakula lakini?

Mama amenisomea ujumbe wako, kwamba umekifungua chombo chako chote unatafuta kosa, na wakaguzi wanarudi Jumatatu kwa mara ya mwisho. Acha kwanza, usome hapa.

Unajua mimi ndiye ninayemwogesha Mama na kumpa dawa. Lakini wageni wakija, habari ni wewe tu: Fundi wangu anatuma umeme kwa sauti isiyosikika, utapita kwenye nyama na kuichaji betri yangu, sitapasuliwa tena. Jirani akamuuliza, na huyu mkubwa je? Mama akasema, ah, huyu yupo yupo tu. Nilikuwa nakoroga uji. Nilicheka nao, lakini ilinichoma.

Siku ya maonyesho ulikipaka jeli kile kisahani cha kutolea sauti, ukanikabidhi, ukaenda kuwasalimu wakaguzi. Ulishanieleza jikoni kwangu kwamba bila jeli hewa inaingia katikati na sauti inarudi ilikotoka. Mama alikaa mbele, na gauni nililompigia pasi mimi, akimwambia kila mtu yule ni wangu.

Fundi, niliifuta. Nilichukua kitambaa cha mate cha Kibonge nikafuta mpaka kisahani kikakauka. Ulikipokea bila kukitazama, kwa kuwa nimekupa mimi. Ukakibandika kwenye lile pande la nyama ndani ya nailoni, lililokuwa badala ya kifua cha mtu, na taa ya upande wa pili haikuwaka. Nilitaka uaibike kidogo tu. Kifua cha Mama sikukikumbuka mpaka aliponiuliza garini, polepole, basi nitapasuliwa tu?

Nimeshamwambia. Alipokea dawa mkononi mwangu kama kila siku, na hilo limeniuma kuliko matusi. Mkuu wa wakaguzi naye nimemwandikia.

Kifunge chombo chako kama kilivyokuwa. Hakina kosa. Jumatatu nitamleta Mama akae mbele. Mimi nitakaa nyuma, nimempakata mtoto kwa mikono yote miwili, uione.

Kibonge anakusalimu kwa mate mengi.

Dada yako,
Mama Kibonge