Maji ya Kadi

Dodoma, 10 Novemba 2024

Kwa baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Shikamoo baba. Natumaini ukungu wa huko Magamba haujakirudisha kile kikohozi chako, na kwamba mama hajambo. Mimi ni mzima, ila jua la hapa linanikausha kama maharage ya mbegu. Simu ninayo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya salamu, jambo lenye uzito liandikwe.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka likizo nilivyozunguka nyumba hadi nyumba na kinasa sauti, mkasema nimekimbia palizi ya kabichi? Ule ulikuwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu. Tunasoma namna sayansi na teknolojia zinavyobadilisha maisha ya watu. Wenzangu wengi wameandika juu ya mitandao ya simu mijini. Mimi nilimwambia msimamizi wangu, Dokta Efrazia, kwamba kijijini kwetu kuna mabomba ambayo hayatoi maji mpaka uyagusishe kadi yenye salio, na kwamba aliyehangaika ofisi hadi ofisi mpaka yakaja ni baba yangu. Akasema, "Basi nenda kaulize yamewafanyia nini watu." Sasa ameyasikiliza mahojiano yote na kunipa ruhusa ya kuanza kuandika.

Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mwanao,
Latifa

---

Magamba, 24 Novemba 2024

Kwa mwanangu Latifa,

Waalaikum salaam. Marahaba, tena marahaba. Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Mama yako anasema uvae sweta, nimemwambia Dodoma si Lushoto, hanisikii.

Barua yako niliisoma peke yangu, nikamsomea mama yako, kisha nikamsomea Sharifu wa dukani ambaye wala hakuniomba. Akauliza, "Hivi bomba nalo linasomewa chuo kikuu?" Nikamjibu, "Linasomewa na binti yangu." Akarudi kupima sukari yake.

Wewe ulikuwa mdogo, hujui nilivyochekwa. Nilikuwa nateremka Lushoto na faili kwapani, watu wananiita Mheshimiwa Maji kwa dhihaka. Leo wanagusisha kadi, maji yanatoka.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne wafadhili wa mradi watakuja na mhandisi wao kuona tulipofikia. Wakiridhika, huenda wakapeleka mabomba kwa wenzetu wa bondeni. Ukimaliza nitumie kazi yako. Nitaisoma mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, mbele yao.

Ni mimi baba yako,
Idrisa

---

Dodoma, 19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo na mapeasi yameanza kuiva. Mimi sijambo.

Pamoja na barua hii utaona rasimu ya utafiti wangu. Anza na sura ya tatu, hiyo itakufurahisha. Walimu wa shule yetu wameniambia wasichana hawachelewi tena vipindi vya asubuhi, na wagonjwa wa tumbo wamepungua. Niliandika yale huku najiona mtoto wa mtu mkubwa.

Sura ya nne, baba, isome umekaa. Kila nyumba ina kadi moja, na kadi imeandikishwa kwa jina na simu ya mkuu wa nyumba, ambaye karibu siku zote ni mwanaume, na salio huongezwa kwa simu hiyo tu. Akishuka Mombo na gari la kabichi, kadi huwa mfukoni mwake, na mkewe anabaki anatazama bomba. Wanawake wameniambia kwamba zamani kijitoni hawakuwa wakimwomba mtu ruhusa ya ndoo, ila sasa wanaomba. Wajane ndio wameumia zaidi, kwa sababu kadi zao ziko kwa kaka zao na watoto wao wa kiume. Wako waliorudi kuchota kijitoni, kule kwenye utelezi.

Sikuandika hivi kukuvunjia heshima. Niliyaandika kwa sababu ndiyo niliyoambiwa.

Mwanao,
Latifa

---

Magamba, 2 Februari 2025

Latifa,

Salamu. Rasimu nimeipata.

Kwenye kamati hajawahi kuja mwanamke hata mmoja kulalamika. Mlango wangu uko wazi, wote wanajua. Nataka majina ya waliokwambia hayo, hasa huyo mjane wa ukurasa wa ishirini na tisa anayesema "nimechoka kubisha hodi kwa ajili ya maji." Kama hutaki kuyatoa, basi iondoe sura hiyo kabla wageni hawajafika. Watu wa bondeni wanasubiri maji, na wewe unawapa wafadhili sababu ya kufunga mkoba.

Idrisa
Mwenyekiti, Kamati ya Maji

---

Dodoma, 16 Februari 2025

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, na moyo wako umetulia.

Majina siwezi kukupa. Kabla ya kuwasha kinasa sauti nilimwahidi kila mmoja kwamba jina lake halitatoka kwangu, liwe kwa mwalimu au kwa mwenyekiti. Sikujua mwenyekiti angekuwa wa kwanza kuuliza. Na sura ile nikiiondoa, ya tatu pia itakuwa uongo, maana nitakuwa nimechagua wa kuwasikiliza.

Kuhusu watu wa bondeni, nimelifikiria sana. Lakini wakiletewa mabomba yaleyale, na kadi zilezile, wanawake wa kule nao watarudi kijitoni. Unisamehe kwa kukukatalia, baba. Sijawahi kukukatalia jambo, na nimelia nikiandika hivi.

Mwanao,
Latifa

---

Dodoma, 6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Idi Mubarak, ingawa imepita. Nilipopiga, mama alisema uko shamba. Nilipopiga tena akasema umelala, na nyuma yake nikakusikia unakohoa. Natumaini hujambo.

Kazi yangu nimeikabidhi chuoni, sura zote. Nina mitihani, siwezi kuja kwenye mkutano. Fanya uonavyo vyema.

Mwanao,
Latifa

---

Magamba, 27 Aprili 2025

Kwa mwanangu Latifa,

Waalaikum salaam. Marahaba mwanangu. Sote wazima. Masika yamekaza, barabara ya Magamba ni tope tupu.

Siku ya Idi shangazi yako Mwanamisi alikuja kula nasi. Tulipomaliza pilau alinitazama, akasema, "Idrisa, nasikia unamtafuta mjane. Acha kumsumbua mtoto. Ni mimi."

Nilidhani ananitania. Dada yangu, tumbo moja, kadi yake iko kwenye simu yangu! Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, "Niseme nini? Kila nikija nakukuta na wageni wa maji, na watu wanakusifu. Nikaona aibu kukuharibia." Nikauliza kama wewe ulijua. Akasema, "Alishinda kwangu siku nzima, tukamenya viazi pamoja. Akaniahidi jina langu halitatoka kwake. Kumbe hata wewe hukuling'oa kwake!"

Asubuhi nilichukua ndoo nikamfuata kijitoni. Niliteleza mara mbili, yeye ndiye aliyenishika mkono. Tulipanda na zile ndoo. Nyumbani nilikaa nayo sura ya nne tena, polepole. Safari hii niliwasikia waliosema, sikuwatafuta.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Wageni walikuja, watu wakajaa uwanja wa shule licha ya manyunyu. Nilisoma sura ya tatu kwa Kiswahili, wakapiga makofi. Ya nne niliisoma kwa Kishambaa kwanza, ili asiwepo mama wa kusema hakuelewa. Kwenye ukurasa wa ishirini na tisa nilisimama, nikanywa maji, nikaendelea. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama, kisha mwingine, kisha wengine, kila mmoja na lake la kusema.

Mhandisi aliniuliza, "Mzee, unajua umesoma kasoro za mradi wako mwenyewe?" Nikamwambia najua, na afadhali wazisikie kwetu. Tumekubaliana kila nyumba ipate kadi ya pili kwa jina la mwanamke, na salio liuzwe dukani kwa Sharifu, pasihitajike simu ya mtu. Kamati imeongezwa wanawake wanne. Habari za bondeni hawajajibu. Huenda wakakubali, huenda nimewakosesha wenzetu maji yale. Nimewaambia wenzetu wa bondeni ana kwa ana, na sikuinamisha kichwa.

Mwanangu, nilitembea miaka na faili kwapani nikidhani kazi imekwisha siku maji yalipotoka. Wewe umeifikisha mbali kuliko mimi, na ulisimama mbele ya baba yako bila kumdharau na bila kumwogopa. Kuna wanaume wazima hapa wameshindwa hilo.

Mwishoni mhandisi aliinua ile kazi yako akauliza, "Nani ameandika hii?" Nilivuta pumzi niseme binti yangu, kwa kiburi kabisa. Kabla sijafungua kinywa, wanawake uwanja mzima walishajibu:

"Latifa wetu!"

Ni mimi baba yako,
Idrisa