Mutu Mbele ya Daraja

Bunia, 7 Septemba 2003

Mdogo wangu Hippolyte,

Mimi dada yako nakusalimu wewe na mke wako. Natumaini ile homa ya Julai imekuachia angalau tumbo la kulia. Sisi tupo. Miguu inauma, mdomo hauumi, kwa hiyo utasoma mengi. Faida, yule mfanyabiashara wa hapa kwetu, anapanda ndege ndogo ya Aru kesho kwenda kununua vitenge, nimemkabidhi barua hii.

Ni kuhusu mwanangu Dady. Unajua tangu Mei yuko na wale vijana wa porini. Walipita kwenye barabara yetu wakikusanya kila kijana mwenye mabega, na Dady ana mabega ya marehemu baba yake. Sasa silaha zimekatazwa mjini, basi kila Jumamosi anaacha bunduki kambini, anakuja kwangu, anakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, ananiangalia kama mgeni, halafu jua likipungua anarudi. Nimemwomba abaki. Nimelia. Nimemletea mchungaji. Ananijibu, "Mama, hapa nitafanya nini?" Basi nimelitafutia jibu.

Nimefikiri hivi. Wewe unauza mashine, na zamani Dady akija kwako likizo hakubanduka kwenye zile za kuchezea michezo ya televisheni. Nitumie moja. Vijana wananiambia mchezo wa mpira unaisha upesi, na wa ngumi unaisha upesi zaidi. Mimi nataka mrefu, ambao mtu hawezi kuumaliza kwa Jumamosi moja wala kwa mwezi. Nataka aondoke kwangu akiwa ameacha kitu katikati. Halafu tutaona nani ana nguvu, kamanda wake au mimi.

Umeme ninao: jirani yangu Vahwere anasaga unga, akiwasha mota ananipa waya. Televisheni pia ipo, Dady aliileta Juni.

Yaya wako,
Kahindo


Ariwara, 21 Septemba 2003

Yaya Kahindo,

Pokea salamu zetu zote. Tumbo limepona hadi mke wangu ananung'unika kuhusu sufuria. Tunawaombea huko.

Faida anakuletea mashine, nimeifunga ndani ya blanketi. Mchezo uliotaka upo, umetoka upande wa Uganda, ganda lake limepotea. Niliuanza mwenyewe kabla ya vita na sijaumaliza. Maandishi ni ya Kiingereza, basi nakueleza mwanzo wake. Jifunze kabla Dady hajaja, maana najua hutapenda kufundishwa na mtoto wako.

Ukiwasha, ngoja muziki. Itatokea mistari miwili. Wa juu ni wa kuanza safari mpya, wa chini ni wa kuendelea na ile ya zamani. Siku ya kwanza bonyeza wa juu, siku nyingine zote wa chini. Utaulizwa jina la shujaa wako, kisha kazi yake: mpiganaji, mganga, au mchawi wa moto. Chukua mpiganaji, ndiye mwepesi kwa anayeanza. Utajikuta kijijini. Usitoke! Wageni wote wa mchezo huu wanakimbilia nje na kufa kwenye nyasi. Kwanza zunguka, ongea na kila mtu, hata kuku, kwa sababu kila mmoja ana neno la kukuelekeza. Ingia kwenye nyumba, fungua masanduku, chukua dawa na vitu vilivyomo. Nunua ngao kabla ya upanga. Ukipigana usiwe na haraka: adui anangoja zamu yako, ukishapiga ndipo anapiga yeye. Na kabla Vahwere hajazima mota, pita kwa padri wa kijiji. Yeye ndiye anayeweka safari yako kwenye ile kadi ndogo iliyochomekwa kwenye mashine. Ukimsahau, mota ikizimwa, yote uliyofanya siku hiyo ni kama hayakufanyika.

Jambo moja. Nyumba yenu iliporwa hadi milango. Hiyo televisheni Dady aliitoa wapi?

Mdogo wako,
Hippolyte


Bunia, 19 Oktoba 2003

Mwalimu wangu Hippolyte,

Shikamoo ya mwanafunzi. Hapa wote wazima, isipokuwa vidole gumba vyangu.

Nimeanza. Jina lilinichelewesha. Hapa Bunia jina ndilo swali la kwanza kwenye kila kizuizi, mtu akilisikia anajua umezaliwa kilima gani, na watu wamekufa kwa hilo tu. Sikutaka shujaa mwenye jina la kumkunjisha mtu uso ndani ya nyumba yangu. Nimeandika Mutu, mtu tu, basi. Na kazi yake ni mganga. Usinikemee, wapiganaji tunao wa kutosha.

Kusalimia kijiji kizima sikuhitaji kufundishwa. Nikatoka mapema, nikafa kwenye nyasi, nikafa tena, nikanunua ngao. Wanawake wanaoleta mahindi kwa Vahwere wanasimama mlangoni kunishangilia. Mmoja alikataa kuondoka na unga wake mpaka nimalize nyoka.

Dady alinikuta hivyo. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya porini: "Mama, iko weye njo unacheza?" Hakuamini kwamba anayecheza ni mimi. Nikamwambia akae, asinizibie mwanga. Akakaa. Na akacheka, Hippolyte! Mutu alipopigwa na popo, mwanangu alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu vita. Kisha akaninyang'anya maneti, kile kidude cha kubonyeza. Aliondoka amechelewa, akiniagiza, "Usimuguse Mutu mpaka nirudie." Nilimgusa, bila shaka. Wiki nzima nilimkuza. Dady aliporudi akakuta Mutu ana nguvu kuliko alivyomwacha, na ilimuuma kweli, na Jumamosi iliyofuata alikuja asubuhi badala ya mchana. Nakwambia kamanda ameanza kushindwa.

Ila tumekwama. Mbele kuna daraja, na mlinzi wake anataka pete. Nimeuliza kijiji kizima, hakuna mwenye kuitoa. Masanduku sijayafungua, na Dady nimemkataza. Wenyewe wamesimama palepale wanakutazama! Mimi nilikimbia vita, nikarudi kwangu Juni nikakuta wamebeba hata sufuria ya maharage iliyokuwa motoni. Siingii kwa mtu nikafungua sanduku lake, hata kama mtu huyo ni rangi tu kwenye kioo. Nitafutie njia nyingine.

Televisheni, Dady alisema amepewa.

Yaya wako,
Kahindo


Ariwara, 2 Novemba 2003

Yaya,

Amani kwako na kwa Dady. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, wateja wamecheka, na mmoja amesema angependa kukuona.

Njia nyingine hakuna. Pete iko ndani ya sanduku la bibi mmoja, nyumba ya mwisho, juu ya ngazi. Waliotengeneza mchezo hawakumfikiria mtu kama wewe. Bibi huyo hatalia, Yaya. Ukitoka na kurudi atakusalimia kwa maneno yaleyale. Fungua. Ng'ambo ya daraja ndiko safari inakoanza kweli, na Dady akivuka hatakuwa na muda wa kambi.

Amepewa na nani? Najua swali hulipendi. Lakini waliokimbia wanarudi Bunia kila wiki, na kila anayerudi anatafuta vitu vyake.

Mdogo wako,
Hippolyte


Bunia, 16 Novemba 2003

Hippolyte,

Salamu leo ni fupi. Mwili mzima, moyo hapana.

Jana nilimwambia Dady habari ya pete na bibi. Sikumaliza kusema, alikwishapanda ngazi na kufungua sanduku. Hapo nilivumilia. Lakini hakuacha. Chumba cha pili, nyumba ya pili, makabati, vyungu, chini ya kitanda. Mkono wake haukusita hata kidogo. Alijua watu wanaficha wapi. Waliosimama mle ndani hakuwaangalia kabisa. Mimi nilimtazama yeye, siyo televisheni, na nilijua ninachokiona.

Nikasema, "Rudisha."

"Mama, humu hakuna kurudisha. Iko jeu tu, muchezo."

"Rudisha ya yule bibi."

Akaweka maneti chini. "Weye unakatala tufungue sanduku ya batu ya mu jeu. Na hii televizyo iko ya nani?"

"Ulisema umepewa."

"Nilisemaka. Na weye ulipendaka kusikia vile."

Niliitazama ile televisheni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu: "Mu hii jeu adui iko nangoja zamu yako. Kule hakuna mutu alingojaka." Akatoka mota ikiwa bado inanguruma. Hakupita kwa padri.

Je, nilikosea? Nijibu haraka. Naogopa hatarudi.

Yaya wako,
Kahindo


Ariwara, 28 Desemba 2003

Yaya yangu,

Hukukosea. Niliandika hivyo Novemba, nikaandika tena mwanzoni mwa Desemba, na sijapata neno. Faida hasafiri tena, anasema ndege zimepungua, na barabara ya Mahagi hakuna anayeithubutu. Huku wanasema kambi za porini zimeshambuliana. Noeli tumekula bila hamu.

Kama Dady yupo, niandikie. Kama hayupo, niandikie pia.

Mdogo wako,
Hippolyte


Bunia, 18 Januari 2004

Mdogo wangu Hippolyte,

Dady yupo. Nimetanguliza hilo ili upumue, salamu zinafuata. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mke wako, barua zako zote zimefika siku moja. Afya yangu ni nzuri.

Baada ya ugomvi ule Jumamosi zilipita bure. Nilipika, nikala peke yangu, mashine sikuiwasha. Halafu wiki iliyopita Dady akaingia uani akisukuma toroli la Vahwere, bila kofia ya kambi. Akasema, "Mama, mwenye televizyo amerudia. Njo mwalimu Anastasie, wa mutaa ya Nyakasanza. Nilimuona ku soko."

Nilielewa anachoomba. Kijana wa kambi akirudisha kitu mchana, mbele ya watu, anawaambia wenzake wote kwamba wao ni wezi. Kule harudi tena. Na huku, ndugu za mwenye mali wanaweza kumvunja mbavu. Nilimuuliza kama analijua hilo. Alilijua. Basi nikavaa kitenge changu cha kanisani, tukafunga televisheni kwa kamba, nikatangulia mimi. Barabara nzima ilitutazama. Niliwasalimia wote.

Mama Anastasie alifungua mwenyewe. Aligusa televisheni ubavuni, akamtazama Dady. Dady akasema, "Mama, njo mimi." Akainama kufungua kamba.

"Na telekomande ya kuwashia?" akauliza yule mama.

"Ilipoteaka."

"Na kitambaa yangu ya juu?"

"Ilipoteaka, Mama."

"Na bwana yangu?"

Dady alisema nyumba waliikuta haina mtu. Alisema akimtazama machoni. Ninamwamini, Hippolyte, na ninamwomba Mungu nisiwe nimekosea. Mama Anastasie aliingiza televisheni ndani, hakututukana, hakutushukuru, akafunga mlango. Kutoka kwake njia ya kushoto inakwenda kambini. Dady alishika toroli akaligeuza kulia, na mimi nikamfuata nyuma.

Kamanda alituma kijana kumwita. Nilimpa chakula yule kijana, kisha nikamwambia amweleze mkubwa wake aje mwenyewe, nitampikia naye. Hajaja.

Mchezo umesimama, hatuna pa kuuchezea. Nilimuuliza Dady yule bibi imekuwaje. Akanieleza kwamba kwa vile hakupita kwa padri siku ile, kadi haikuandika kitu: sanduku limefungwa, pete imo ndani, Mutu yuko mbele ya daraja mikono mitupu. Mle yote yamerudi bila mtu kubeba chochote. Huku ilibidi tubebe, na kilichorudi ni kidogo.

Usinitumie televisheni nyingine. Kama ipo siku tutavuka, Dady ataitafuta mwenyewe. Anafanya kazi kwa Vahwere, anapima mahindi, na wale wanawake wanamtania kuhusu mama yake na nyoka. Wengine hawamsalimii. Anapima ya wote.

Leo ni Jumapili mchana, mota imelala. Dady naye amelala mkekani, anakoroma kama marehemu baba yake. Viatu vya porini nimevitumbukiza chooni, hajaviulizia. Akiamka atataka kula, na moto umefifia. Ngoja niende nikauchochee.

Yaya wako,
Kahindo