Kwa Baba, Mcheza Gofu wa Korido Iliyolala Upande

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu mchana ule wa Jumamosi ulipojinyoosha kitandani ukasema uamshwe chai ikiiva. Chai iliiva. Tukakuita kwa sauti, tukakuita kwa kukugusa. Tangu siku hiyo sebule yetu ina kiti ambacho watu hukizunguka kana kwamba kina mtu.

Kikombe chako cha bati bado kimelala mwisho wa korido, mdomo wake unatazama sebuleni. Wageni hujikwaa nacho, wakaomba radhi, wakakirudisha palepale bila kuambiwa.

Ulikuwa fundi wa mashine za kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Utotoni tulijua umefika kwa harufu: petroli kwanza, halafu nyasi mbichi, halafu wewe mwenyewe. Mama hakukuruhusu kuvuka kizingiti kabla hujakung'uta mapindo ya suruali. Nyasi zikaanguka kibarazani, nawe ukaziokota moja moja na kuzitazama kwenye mwanga. Zikiwa zimekatika ncha vizuri, ulikula chakula chako kwa raha. Zikiwa zimechanika, ulikula kimya, na kesho yake uliondoka mapema kwenda kunoa visu vya mashine.

Gofu hukuitafuta, ilikukuta kazini. Jumatatu wanachama hawachezi, uwanja ni wa wafanyakazi, na wewe badala ya kurudi kulala ukaanza kuazima fimbo. Baadaye ukapata zako, zilizotupwa na wenyewe: ndefu, fupi, zenye kutu, hakuna mbili za ukoo mmoja. Ukazifunga kwa mpira wa baiskeli na kuzisimamisha nyuma ya mlango wa chumbani. Mama alizitazama moja moja.

"Haya," akasema. "Wenzangu huletewa mke mwenza mwenye miguu miwili. Wangu mimi ana mashimo kumi na nane."

Jina likashika. Ukichelewa Jumatatu, hata wajukuu walijua kujibu: "Babu yuko kwa bibi mdogo."

Jioni ulikilaza kikombe karibu na mlango wa jikoni, ukasimama sebuleni na ile fimbo fupi ya kusukumia, ukausukuma mpira taratibu. Ukiingia, kikombe kililia ngo, nasi tukaendelea na mazungumzo. Usipoingia, tulinyamaza kwanza. Ikafika wakati hukosi, ngo juu ya ngo, mpaka Mama akasema kichwa chake kimekuwa kengele ya shule. Jumatatu hiyo ulitoka kifua mbele. Ulirudi mabega yameshuka.

Aliyetueleza ni mwenzako Breki, dereva wa lori la mbolea, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna.

"Shemeji," alimwambia Mama, "mumeo ana shimo lake peke yake. Liko kulia kwa hili tunalochezea sisi, umbali wa kiganja. Hilo halikosi hata mara moja."

Uliulaumu mkono. Ukaufunga kitambaa, ukaukanda kwa maji ya moto. Mama alikuwa akipiga deki siku hiyo, akakutazama unavyohangaika, akamwaga maji ya ndoo katikati ya korido.

"Mzee, njoo utazame."

Maji yakatulia kidogo, kisha yakajikusanya na kwenda zake upande wa kushoto, kwenye kile kitundu cha ukutani ambacho mwashi aliacha ili maji ya deki yatoke nje.

"Mkono wako mzima," Mama alisema. "Sakafu ndiyo iliyolala upande. Wewe umejifunza kupiga kulia ili mpira urudi katikati. Huko kwa mke mwenzangu nani atakurudishia?"

Ulisimama pale miguu imelowa. Kesho yake ukahamisha kikombe, ukawa unapiga kutoka jikoni kuja sebuleni. Jumatatu iliyofuata ukakosa yote upande wa kushoto. Breki alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akasema sasa una mashimo mawili ya kwako, karibu unafungua uwanja.

Lakini hapo ndipo ulipoanza kucheza vizuri. Ulikirudisha kikombe mahali pake, ukaacha kuukaripia mkono, ukaanza kuisoma ardhi. Kabla ya kusukuma mpira ulichuchumaa, ukalizunguka shimo kama mtu anayetafuta mahali pa kutua ndoo, na kujiuliza: ningemwaga maji hapa, yangekwenda wapi? Wenzako walikucheka. Baadaye wakachuchumaa nao.

"Kila uwanja ni nyumba ya mtu," ulikuwa ukisema. "Ukiingia, usianze na ya kwako. Tazama kwanza maji yanaelekea wapi." Binti yako wa kati alipokuwa anakwenda kwa wakwe, hilo ndilo ulilomwambia mlangoni, wala hukuongeza jingine. Anasema limemtosha mpaka leo.

Ndipo ukapata hamu ya nyumba za wengine. Mafundi wenzako wa viwanja vingine walikukaribisha Jumatatu zao, na kila likizo ulipanda basi na kifurushi chako cha fimbo. Uliporudi, meza ya chakula iliondolewa sahani. Uwanja wa ziwani ulikuwa kitambaa cha meza na bakuli la maji. Uwanja wa bondeni ulikuwa shuka iliyokunjwakunjwa, na kijito chake kilikuwa mkanda wako wa suruali. Chumvi ndiyo ilikuwa mchanga, ule unaomeza mipira. Tulisukuma punje ya maharage kwa kijiko kutoka shimo hadi shimo, nawe ukatusimulia upepo ulitokea wapi, nyasi zilikuwa laini au za kuchoma, na ni mti gani uliokunyang'anya mpira. Hatujawahi kukanyaga viwanja hivyo, lakini tukipelekwa leo hatupotei.

"Rudisha chumvi yangu kwenye kopo," Mama aliita toka jikoni. Hakuja kutazama. Ila punje ya maharage ikianguka chini, alikuwa wa kwanza kuuliza imeangukia upande gani.

Kila safari ulimwomba mfuatane, na kila safari alijibu vilevile: "Siendi kumtembelea mke mwenza kwake. Akinihitaji anajua ninapofulia."

Ulibakiza uwanja wa kilimani. Breki alikuwa amekwambia kwamba ukisimama shimo la mwisho unaona mabati ya mji mzima, na ukikaza macho unaiona hata kamba yako ya nguo. Safari hiyo hukumwomba Mama kwa mzaha. Alikuwa anaanika shuka, ukashika ncha ya pili.

"Twende wote Jumatatu. Hutacheza. Utakaa tu, nikuoneshe nyumba yetu kutoka juu."

Mama akabana kibanio, akabana na kingine.

"Safari ijayo," akasema.

Hakuwa amewahi kusema hivyo. Ulishukuru kama mtu aliyekwisha kupewa. Jumatatu haikukukuta.

Mwaka huu wote Mama hakutaja gofu. Fimbo zilikaa nyuma ya mlango, akifagia anazipita kwa ncha ya ufagio. Tulidhani amezichukia. Kitinda mimba wako, ndiye aliyebaki naye nyumbani, siku moja alirudi kutoka dukani, akafika kibarazani, akasikia: ngo. Kisha hatua za miguu kwenda na kurudi. Kisha ngo. Akarudi nyuma, akaburuza ndara kwenye kokoto, akakohoa, na akabisha hodi kwenye nyumba yao wenyewe. Alipoingia, Mama alikuwa anachambua mchele, na ile fimbo fupi imesimama mahali pake, imefutwa vumbi.

Kitinda mimba akaitunza siri hiyo. Alianza tu kwenda dukani kila siku, hata kama hakuna kilichopungua.

Kisha kifungua mimba wako akaja na mfuko wa saruji begani. Unamjua, mwashi huyu akiona ufa hapati usingizi. Akasema korido imelala, Mama umri unakwenda, atateleza, na kabla mwaka haujatimia anataka kuisawazisha.

"Huo mfuko ukajengee kwako," Mama alisema.

"Mama, lakini ni kwa ajili yako."

"Nimesema sakafu hiyo haiguswi. Unataka niende kilimani sijajizoeza?"

Tulitazamana. Akaona ameshatoa siri, akajifunga khanga upya.

"Msinikodolee macho. Kamwambieni yule asiye na breki aombe ruhusa. Jumatatu tunakwenda."

Tulikwenda sote, Baba. Breki alizungumza njia nzima, na tulipofika shimo la mwisho akanyamaza mwenyewe. Nyasi ni fupi kama manyoya ya paka. Mabati yanaonekana. Kamba ya nguo hatukuiona, lakini Mama alisema yeye ameiona, na hakuna aliyembishia.

Akavua viatu kama mtu anayeingia chumba kilichopigwa deki. Breki akamwekea mpira umbali wa korido yetu. Mama akaishika fimbo yako fupi, na kichwa cha fimbo kikagongagonga nyasi. Tulijua anachoogopa. Si kukosa. Alikuwa amekuja mwaka mzima baada ya kuitwa.

"Mama, maji yangekwenda wapi?" kifungua mimba akauliza polepole.

"Usinifundishe. Mimi ndiye niliyemfundisha baba yenu."

Akasukuma. Mpira ukaenda sawasawa, haukuyumba popote, ukapita kulia kwa shimo, umbali wa kiganja.

Breki akageuka upande mwingine, akafuta uso kwa kofia. Mama aliutazama ule mpira, akatazama shimo, kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho hatukukisikia mwaka mzima. Akaenda pale mpira uliposimama, akaketi kwenye nyasi, akaupigapiga mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Kumbe hapa ndipo alipokuwa," akasema.

Alikaa hapo mpaka alipotosheka, sisi tukimngoja. Alipoinuka akasema, "Mtamwandikia kumbukumbu ya mwaka, si ndiyo? Mwambieni safari ijayo imefika. Mwambieni nimemwona mke mwenzangu, ni mzuri, na nyumba yake inatazama kwangu. Na mwambieni nimekosa kulia."

Tumekwambia, Baba.

Unakumbukwa na Mama, mkeo. Kifungua mimba wako mwashi na mkewe. Binti yako wa kati na mumewe. Kitinda mimba wako wa nyumbani. Wajukuu wako, ambao bado wanaiba chumvi. Na Breki, anayekaa kando ya kiti chako na kuwazuia wageni wasikikalie.

Siku zote utakuwa nasi mioyoni, na sakafu hatuigusi.