Hapa ni Kwako, ila Hati Usiiguse

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na unisamehe mapema Kiswahili changu kikiteleza, maana nilizaliwa Gujarat, India, na lugha hii nimejifunzia hapa hapa Iringa, ambako nafundisha hesabu huu mwaka wa kumi na moja. Sina malalamiko. Nina kazi, nina afya, baridi ya Juni nimeizoea, na wazazi wa wanafunzi wakipita Ilula wananiletea nyanya mpaka nakosa pa kuziweka. Kilichobaki ni pa kuzeekea tu.

Sasa kuna mzee Clement, mwenye jengo la ghorofa moja pale Ipogolo, anayehamia Kilolo kulima parachichi, naye anauza nyumba ndogo ya juu, chumba, sebule, jiko na choo ndani, kwa bei ninayoimudu, na niliposimama kwenye dirisha la jiko nikaona jua linapiga kilima chote, nikajiona nina miaka sabini nimeshika kikombe cha chai, nikasema basi, ni hapa. (Nilipowaambia walimu wenzangu kwamba hatimaye nimepata nyumba ndogo walicheka mpaka kengele ikagonga, sijui kwa nini.)

Dalali akaniambia mgeni haandikwi kwenye hati, nitafute mwenyeji wa kuniwekea jina. Nikamfikiria jirani yangu Rozalia Kalinga, fundi cherehani, ambaye miaka yote hii ananipikia maharage pembeni kwa sababu mimi sili nyama, na kila nikifika mlangoni anasema, "Pita mwalimu, hapa ni kwako." Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Ila mimi ni mtu wa hesabu, napenda kila kitu kiandikwe, kwa hiyo kesho yake nikampelekea karatasi asaini: "Mimi Rozalia Kalinga nakiri kwamba hapa si kwangu na sitadai kamwe." Aliisoma kwa sauti mezani kwake, akaikunja, akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "mimi miaka yote nakwambia hapa ni kwako. Leo unaniandikisha hapa si kwangu?" Tangu siku hiyo ananisalimu Kihehe, "kamwene" tu, na kupita, haulizi nimeamkaje, haulizi wanafunzi, na mimi naumia mshauri, naumia sana, na mzee Clement anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimbembeleze Rozalia asaini, au nitafute mtu mwingine wa kuniwekea jina?

Foram, Iringa

*

Dada Foram,

Kwanza acha kutangaza kwamba umepata nyumba ndogo. Huku kwetu nyumba ndogo ni mwanamke wa pembeni wa mume wa mtu, na walimu wenzako walicheka kwa haki. Sema fleti.

Pole kwa baridi unayopigwa hapo mlangoni. Lakini nikuseme kidogo. Usimbembeleze Rozalia, na usitafute mwingine. Sheria yetu haimpi asiye raia ardhi ya kumiliki kwa ajili ya kuishi tu, na dalali aliyekufundisha kujificha nyuma ya jina la mtu hatakuwepo siku mambo yakiharibika. Rozalia ni mwema, sikatai. Ila naye atakufa kama sisi sote, wanawe watakuta hati ina jina la mama yao, na ukiwatolea ile karatasi yako utakuwa umethibitisha tu kwamba mliidanganya serikali mkiwa na akili timamu. Mwalimu mzima wa hesabu, hilo hukulipigia hesabu?

Fanya hivi. Wiki hii, siyo mwisho wa mwezi, nenda kwa wakili, siyo dalali, wakili mwenye ofisi na bango mlangoni. Mwambie unataka kupanga kwa miaka mingi, kwa mkataba wa maandishi uliosajiliwa, wenye jina lako mwenyewe. Kisha kaa na mzee Clement. Mtu anayekwenda kungoja parachichi zizae anaweza kufurahi kuwa na mpangaji mtulivu asiyehama. Akikataa, mwache auze, Ipogolo ina madirisha mengine. Na kama kweli unataka kuzeekea kwetu, muulize wakili habari za uraia pia, akueleze utapata nini na utaacha nini. Wewe ulitaka chai na kilima, mama, na kilima hakikuulizi hati ina jina la nani.

Sasa Rozalia. Mimi ni wa Mbeya, Wahehe wananichekesha kwa mambo mengi, lakini kwa hili nipo upande wake. "Hapa ni kwako" siyo habari ya hati. Maana yake ni ingia, kaa, kula. Yeye alikupa hiyo, wewe ukamjibu kwa karatasi. Nenda kwake mikono mitupu. Karatasi ichome kwenye jiko lake la mkaa, yeye akiona, halafu useme umekosa, bila kujieleza sana. Akikuuliza umeamkaje, ujue yamekwisha.

Na siku ukipewa ufunguo, mpikie maharage, umwite awe wa kwanza kupanda hizo ngazi. Akisita mlangoni, unajua la kumwambia.

Mama Lutengano