Mbolea Mbichi Kwenye Kiganja

Jumanne, 4 Februari

Nimemwagilia mche mmoja mara nne leo. Mara ya kwanza jua lilikuwa upande mbaya. Mara ya pili jirani aliwasha redio. Mara ya tatu nilisahau kutabasamu. Mara ya nne mche ulishaanza kulala kwenye maji, na Gasto, mtayarishaji wetu, akasema hiyo ndiyo nzuri.

Mwaka wa tatu sasa kwenye kipindi hiki cha bustani. Uani kwetu Kilakala hakuna tena kinachooteshwa ili kiliwe. Mchicha wa kamera. Hoho za kamera. Wiki iliyopita tulichomeka kabichi za sokoni kwenye tuta zionekane zimekomaa. Mgongo umechoka. Uso umechoka zaidi.

Alhamisi, 6 Februari

Somo la leo: kunenepesha miche iliyo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, kabla ya kuihamishia shambani. Nilileta mbolea ya kuku iliyooza miezi miwili, imepoa, nyeusi, laini. Gasto akaitazama kwenye skrini.

"Neema, huo ni udongo. Mtazamaji ataona nini?"

Likaletwa gunia la mbolea mbichi kutoka banda la jirani, ina manyoya na maranda. Ikaonekana vizuri kweli. Nikachota kiganjani, nikajaza viriba, nikamwagilia. Nikasema wazi kwamba lazima ikae mpaka ipoe. Nilisema. Ila iliyokuwa mkononi ni mbichi.

Si uongo. Nadhani si uongo.

Jumamosi, 15 Februari

Kipindi kimerushwa saa kumi. Ile sentensi ya kukaa mpaka ipoe haimo. Wameikata, tangazo la rangi za nyumba lilihitaji nafasi. Nimemwandikia Gasto. Amejibu kwa kidole gumba.

Nikafua. Nikalala mapema. Sikuwaza sana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka Matombo. Mama Veronika, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaootesha pilipili manga. Tuliwahi kurekodi kwao, na namba yangu anayo. Nikamwamkia. Akaniuliza habari za mama, za kazi, za mvua ya mjini. Kisha:

"Mwanangu, ile miche tumeipika kama ulivyotuonesha. Imeiva."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Ndipo nikakumbuka kile kiganja cha mbolea mbichi.

Jumatano, 5 Machi

Bodaboda kutoka Mkuyuni mpaka Matombo, matope mpaka magotini. Mama Veronika alinipeleka moja kwa moja kitaluni, hata maji sikunywa.

Viriba zaidi ya mia tatu. Wamevitunza tangu kabla ya Krismasi ili miche ihamishiwe shambani masika hii. Majani yamekauka kuanzia kingoni, rangi ya chai. Nikang'oa mche mmoja. Mizizi imeungua, inateleza kama uzi uliolowa. Mashimo wameshachimba, kwenye shamba walilorithi kwa mama zao. Mvua imeanza, na hawana cha kupanda. Vipandikizi wakikata leo, vitachipua mvua imeshakwenda zake. Msimu mzima umeondoka.

Nikaeleza kwamba nilisema ikae, wakakata. Nilijisikia ninavyojitetea. Mama Veronika akanishika mkono mpaka kwenye duka wanakotazamia kipindi. Televisheni iko juu ya rafu. Nyuma ya ukuta uleule kuna mashine ya kusaga, inanguruma kutwa.

"Wewe hatujawahi kukusikia hata siku moja," akasema. "Tunakutazama mikono."

"Na kucha," mwenzake akadakia. "Ile nyekundu ya Desemba ilikuwa na kiburi!"

Wakacheka wote. Mimi nilishindwa. Miaka mitatu nimekuwa nikiongea na mashine ya kusaga.

Wakati wa kuondoka wakanifungia mkungu wa ndizi. Hapo ndipo paliponiuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Gasto kipindi kizima cha kusahihisha. Amekubali mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini. Nikamweleza habari ya duka, mashine, mikono. Hakuna anayesoma mstari huo akiwa na debe la mahindi kichwani.

"Dada yangu, ukishakiri hili, kesho nani atakuamini kwenye nyanya?"

Anawaogopa watangazaji wa biashara. Mimi nami naogopa. Kipindi hiki ndicho watu wanachonijulia. Bila hicho sijui mimi ni nani. Na kuna wengine, mahali nisipopajua, ambao leo wana kiganja cha mbolea mbichi juu ya kiriba.

Nimekataa kurekodi chochote mpaka ile miche ionekane. Sauti ilitetemeka. Nimeichukia.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna simu. Misa, wali, usingizi. Mama anasema ninaringa. Labda.

Jumanne, 11 Machi

Gasto amepiga. Turekodi, lakini kipindi hicho kitakuwa cha mwisho kwangu. Mtangazaji mwingine anatoka Dar. Nilisema sawa kabla hajamaliza. Kisha nikalia bafuni. Si sana.

Alhamisi, 13 Machi

Tumerekodi Matombo, kitaluni. Nilipanga kila kitu kama vile mimi ni bubu. Nikaosha mizizi iliyoungua kwenye beseni, nikailaza kando ya mizizi mizima. Nikachomeka kijiti kwenye lundo bichi, nikakichomoa, nikakigusisha shavuni: moto. Nikanusa, nikageuza uso. Nikalifunika. Kisha lundo lililokaa: kijiti baridi, pua imetulia. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kiriba.

Mama Veronika alisimama karibu na kamera akitoa amri. "Mpigeni na miguu hiyo, watu waone alikopita!" Hata Gasto alicheka. Kucha sikupaka.

Tulichukua mara moja tu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekitazamia palepale dukani, katikati ya akina mama na madebe ya mahindi. Mashine ilikuwa inasaga. Sikusikia neno langu hata moja. Nilitazama mikono ya mtu fulani ikifanya kazi, na sikuichukia.

Katikati ya kipindi mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani, si wa kikundi, akainuka akatoka. Nikajua nimemchosha. Nilibaki na hilo mpaka mwisho. Kilipokwisha wakainua madebe yao. Mama Veronika alisema wataanza kukata vipandikizi vya msimu ujao Jumatatu, na kwamba nije na jembe langu. Nikasema nitakuja.

Nilipokuwa nateremka kwenda barabarani nikamwona yule mwenye kitenge nyuma ya nyumba yake. Ameinamia gunia la mbolea. Mbele yake viriba vimepangwa, miche bado ya kijani. Akachota kiganja, akanusa, akageuza uso.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Hii bado," akasema.

"Bado, mama."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Nikashika upande wa pili wa gunia, tukalisogeza chini ya paa.