Shangazi, Tununue Kamera Gani ya Upande wa Wanawake?

Mpendwa Shangazi Ednah,

Naomba unisaidie kabla sijampiga mtu na tari. Mimi ni Zuleka wa hapa Maua, nina kikundi cha akina mama wa Kiislamu, tunaimba na kupiga matari kwenye harusi, upande wa wanawake, na sasa anaolewa dada yangu mdogo, Latifah, na mama yetu hatakuja kwa sababu alianguka akavunjika nyonga, amelala Isiolo kwa mjomba na daktari amekataza asisafirishwe, na mama mwenyewe hakulia wala hakulalamika, alisema tu kwa simu, "Zuleka, mimi niletee ile wimbo ya kumuaga nisikie," maana wimbo huo wa kumuaga bibi harusi miaka yote ndiye alikuwa anauanzisha yeye, na tangu aanguke ninauanzisha mimi, na sasa mtoto wake wa mwisho atatolewa nao yeye akiwa kitandani anatazama dari.

Basi nikasema tununue kamera. Laiti ningenyamaza.

Najua utaniambia nitumie simu. Simu haiingii. Mwaka jana kwenye harusi moja msichana alimweka bibi harusi kwenye status, kichwa wazi, na kabla ya alasiri wanaume wa Laare walikuwa wanamtazama huku wakifunga miraa, na mamake bwana harusi akatulaani sisi sote, hata waliokuwa jikoni wakikuna nazi, ndiyo maana siku hizi Bi Mwanatatu, mkubwa wetu, hukaa mlangoni na kikapu na kila simu inaingia humo. Nilimwomba aniruhusu yangu peke yake, akaniambia, "Simu ni simu. Saa hii iko kwa mkono yako, jioni iko Dubai." Kamera amekubali, lakini ishikwe na mwanamke, na kadi yake isizunguke ovyo. Na wapiga video wote ninaowajua hapa ni wanaume.

Mume wangu Swaib ana bucha, na kila kitu hukichagua kama anavyochagua mbuzi, lazima akinyanyue kwanza. Akaenda Meru mjini akarudi na kamera ya begani, ya mtu aliyeacha kazi ya video, amepewa aijaribu, kubwa kama jiko la makaa, na inatumia kanda ambazo sijui nani bado anaziuza, nikamwambia hivyo, akanijibu, "Kitu nyepesi haiwezi kuwa mzuri. Hii watu wakiiona watapisha." Hakuna mwanamke kwetu anayeweza kuibeba wimbo mzima, basi akasema ndugu yake Suhail ataibeba, ati atafunga macho. Bi Mwanatatu akamuuliza, "Sasa akifunga macho atapiga nani, ukuta?" Wamenuniana mpaka leo, na nyama ya harusi inatoka kwa Swaib, kwa hivyo hata kumkasirikia vizuri siwezi.

Latifah naye anataka ile kamera ya picha yenye lenzi za kubadilisha, inayotoa uso laini. Nilienda dukani na mwenzangu mmoja tukaijaribu, tukaimba kidogo, picha kweli ilikuwa safi, lakini matari yalisikika kama mahindi yanamwagwa juu ya mabati, sauti yangu haimo kabisa, na muuzaji akaniambia ikipata joto hujizima, niwe naiwasha tena. Shangazi, bibi harusi anatolewa mara moja, nitamrudisha ndani atoke tena?

Jirani yangu Kathambi, fundi wa nguo, ni Mkristo lakini tunamwalika kila harusi, ameniambia, "Wachana na hizo kelele, mimi nitashika, wewe uimbe." Nilimshukuru, lakini nimeamua kushika mwenyewe, maana mimi ndiye najua mama anataka nini, na wimbo ataanzisha mwenzangu mwingine. Hela tuliyo nayo ni ya mbuzi mmoja mzuri, si ya ng'ombe. Harusi imekaribia na kila anayenipita njiani ana maoni. Ninunue kamera gani? Nimechoka na kamera na bado sina kamera.

Zuleka, Maua

*

Zuleka,

Pole kwa mama. Hiyo pole imetoka moyoni, na ndiyo ya mwisho utakayopata leo, kwa sababu barua yako imenipandisha presha.

Mchagua jembe si mkulima, na nyinyi mmechagua mpaka harusi imewafikia mlangoni. Swaib anachagua kwa misuli. Latifah anachagua kwa mashavu yake. Mama aliomba *kusikia*, na katika nyumba nzima aliyekumbuka kwamba video ya nyimbo ina sauti ni wewe peke yako uliyeenda kuimba dukani. Hongera. Sasa mbona ulirudi nyumbani kuanza kikao upya?

Lile jiko la makaa lirudishwe leo. Usigombane na mume wako, mwambie watu watapisha sinia zake za nyama, na hilo ni kweli. Suhail abaki bucha na macho yake wazi.

Halafu tafuta kamera ndogo ya video, ile ya kushika kiganjani, yenye mkanda wa kupitisha mkono na kioo kinachofunguka ubavuni. Vijana wanaicheka siku hizi, ndiyo maana ya mtumba utaipata kwa mbuzi wako. Hiyo imeundwa kurekodi mfululizo bila kujizima katikati ya wimbo. Iwe ya kadi, si ya kanda. Na muuzaji akianza kukuimbia habari za 4K, mwache aimbe, wewe igeuze utafute tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. Kama halipo, irudishe kabatini. Muulize pia kama sauti inaweza kupunguzwa kwa mkono, maana kamera ikiachwa ijiamulie, tari likilia inashtuka na kuishusha sauti ya mwimbaji pamoja nalo.

Nayajua haya kwa uchungu. Kwaya yetu ya hapa Kanja ilinunua kamera kwa uzuri wa picha, tukarekodi tukiwa na sare mpya, na ukiitazama leo ni kayamba mwanzo hadi mwisho, sisi tunafungua midomo tu kama mbuzi wanaocheua. Mzee Kivuti aliyetuimbia ubeti wa kwanza alitazama mara moja akauliza, "Mimi niliimba saa ngapi?"

Kwa hivyo nenda dukani na tari, na usione haya. Mwenzako alipige kwa nguvu zake zote, wewe uimbe, kisha muuzaji aunganishe kamera na televisheni yake usikilize. Maneno yakisikika, nunua. Yasiposikika, ondoka, hata akikuita dada mrembo. Hela itakayobaki nunua maikrofoni ndogo ya waya, betri ya pili na stendi ya miguu mitatu. Maikrofoni ikae karibu na anayeanzisha, matari yarudi nyuma hatua kadhaa. Jaribuni sebuleni kabla ya harusi. Msijifunzie siku ya harusi, tafadhali, nawajua.

Bi Mwanatatu yuko sawa kabisa na asibembelezwe. Tafuta kamera isiyojua intaneti, na kadi ikitoka akabidhiwe yeye mbele ya wote, mpaka siku utakapoipeleka Isiolo kwa mkono wako. Usiitume video kwa simu ya mjomba! Ichomeke kamera kwenye televisheni yake, wanaume watoke nje, umkalishe mama vizuri na mito, asikilize.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili nikiwa nimesimama. Ati utashika kamera mwenyewe, na wimbo wa mama yako aanzishe mtu mwingine? Zuleka! Fundi wa nguo ambaye mkono wake haukosei mshono amejitolea, ni mwanamke, mlangoni anapita, na wewe unamshukuru na kumkataa. Kwa nini? Kwa kuwa hajui wimbo? Kamera haitaki anayejua wimbo, inataka asiyetikisika. Anayejua wimbo anatakiwa kwingine. Unaogopa kwamba kitu kitaharibika usipokishika wewe, na hofu hiyo naielewa, lakini ndiyo itakayoharibu.

Mama yako ana mabinti wawili. Ukijificha nyuma ya kamera atamwona mmoja, na hatatazama maua wala matari, atakuwa anamtafuta yule mwingine mpaka video iishe. Ukishainunua tu, mpe Kathambi kamera aanze kujizoeza. Wewe simama kando ya Latifah, uanzishe wimbo.

Shangazi Ednah